Kwenda Alaska na watoto kwa gari-nyumba: jibu kwa aliyeuliza kuhusu barabara

Ndugu uliyeuliza kama gari-nyumba la kukodi linaweza kuifikisha Alaska familia yenye watoto wadogo wakati wa kiangazi, jibu langu ni kwamba linaweza, mradi dereva asiwe na haraka. Sisi tuliianza Alaska Highway kwenye mji wa Dawson Creek, katika jimbo la British Columbia, tukaifuata hadi mji wa Delta Junction, ndani ya Alaska, mwendo wa takriban kilomita 2,200. Siku hizi barabara ina lami, na changarawe utaikuta hasa pale inapokarabatiwa.

Sehemu ya kuogopwa iko mbali, kati ya Ziwa Kluane, katika eneo la Yukon nchini Kanada, na mpaka wa Marekani. Barabara hii ilifunguliwa msituni na jeshi la Marekani mwaka 1942, na takriban theluthi moja ya wanajeshi walioijenga walikuwa Weusi, waliotengwa katika vikosi vyao wenyewe; habari hiyo niliwasimulia wanangu njiani, kwa kuwa naona ni haki yao kuijua. Matingatinga yalipokwangua mimea na udongo wa juu, ardhi iliyokuwa imeganda chini yake ikapata joto, barafu ikayeyuka na njia ikageuka tope. Tatizo hilo halijaisha hadi leo: ardhi inaendelea kutitia, lami inapanda na kushuka kama mawimbi, na gari refu likipita hapo kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, vyombo vyote vitamwagika kutoka kabatini. Teremka hadi 50, funga milango ya kabati kwa kamba, na kila mtoto awe amefunga mkanda, hata kama kitanda kiko wazi nyuma yake.

Kuhusu mafuta, usisubiri taa iwake. Kati ya Fort Nelson na Watson Lake kuna zaidi ya kilomita 500, vituo ni vichache na bei yake ni kubwa, kwa hiyo jaza kila tangi linapofika nusu. Mtandao wa simu nao hukatika kwa saa nyingi. Pakua ramani mapema.

Katika kipande hichohicho ndiko iliko Liard River, yenye chemchemi ya maji moto inayofikiwa kwa njia ya mbao juu ya kinamasi, na kama una usiku mmoja tu wa kuongeza, uongeze hapo, ila weka nafasi ya kuegesha mapema kwa sababu hujaa. Baisoni, yaani ng'ombe-mwitu wakubwa, husimama barabarani maeneo hayo, hasa jioni, nasi hatukuendesha baada ya chakula cha usiku.

Mwisho ni hati. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Marekani kuvuka mpaka, hata akiwa na ukaazi wa kudumu wa Kanada. Kama viza haijatoka, geuzeni kwenye kijiji cha Beaver Creek, upande wa Kanada, karibu na mpaka. Milima ya Kluane mtakuwa mmekwisha kuiona.