Kodi ya Mshahara Marekani: Ukisubiri Aprili Umechelewa

Kila msimu wa kodi hukaa kwenye meza ya kujaziwa fomu bure hapa Columbus, Ohio, nikiwasaidia Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya wanaolipwa kwa saa: maghalani, hospitalini, kwenye nyumba za kutunzia wazee. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada, tuandike nini ili nirudishiwe nyingi?" Linaulizwa Februari, ilhali mwaka wa kodi ulishafungwa tarehe 31 Desemba. Kwa mtu anayepewa W-2, ile fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na makato ya mwaka, sehemu kubwa ya kile ambacho kingemsaidia ilikuwa kwenye karatasi alizosainishwa siku ya kwanza kazini, zile ambazo wengi wetu tunazisaini harakaharaka ili tupewe beji na kuanza zamu.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutabaki na uvumi. Mtu hana mwenza wala mtoto, analipwa dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Kwa mwaka ni dola 37,440. Mkato wa kwanza ni wa Social Security, pensheni ya serikali, asilimia 6.2, na Medicare, bima ya afya ya wazee, asilimia 1.45. Jumla ni asilimia 7.65, yaani dola 2,864 kwa mwaka, na mwajiri naye analipa kiasi hichohicho upande wake. Mkato huu unaanzia kwenye dola ya kwanza kabisa. Ndipo ije kodi ya mapato ya serikali ya shirikisho. Kwa mwaka 2025, mtu wa namna hii anaachiwa dola 15,750 zisizotozwa. Hilo ndilo punguzo la kawaida. Zinabaki 21,690. Dola 11,925 za mwanzo zinatozwa asilimia 10, nyingine asilimia 12, na jumla inakuwa dola 2,364. Kwa hiyo anakatwa zaidi kwenye Social Security na Medicare kuliko kwenye kodi ya mapato yenyewe. Ukiwasikia wanasiasa wa hapa wakigombania viwango vya kodi ya mapato, ujue mkato mzito zaidi wa mtu wa dola 18 ni ule ambao mara chache wanautaja, na mimi naona hilo si haki.

Bado kuna jiji. Columbus inatoza asilimia 2.5 ya mshahara, nayo haina punguzo la kawaida: dola 936. Jimbo la Ohio halimtozi mtu ambaye mapato yake hayazidi dola 26,050, hivyo kwa mshahara huu jiji linakata kuliko jimbo. Walioko Texas, Florida, Tennessee au Washington hawakatwi kodi ya jimbo kwenye mshahara kabisa. Ndugu yako akikuita uhamie aliko kwa sababu kazi inalipa dola mbili zaidi, muulize pia kodi ya huko na kodi ya nyumba, ulinganishe kitakachobaki mkononi.

Sasa nifike kwenye jambo linaloumiza watu wetu kuliko yote: kazi mbili.

Mtu huyohuyo wa dola 18 anaongeza kazi ya wikendi, saa 16 kwa dola 17. Kwa mwaka inampa dola 14,144. Kwenye kazi hiyo ya pili anajaza W-4, fomu inayomwambia mwajiri akukate kodi kiasi gani, kama alivyojaza ile ya kwanza: jina, namba, sahihi, basi. Mwajiri wa pili hajui kuna kazi nyingine. Anaona mtu wa dola 14,144 ambaye punguzo lake ni 15,750, kwa hiyo hamkati hata senti ya kodi ya shirikisho. Mwenye cheki anafurahi. Lakini punguzo ni moja kwa mtu mmoja, na lilishatumika kwenye kazi ya kwanza. Dola zote 14,144 zinaangukia kwenye asilimia 12, na Aprili anadaiwa dola 1,697. Nimeona watu wazima wakilia mezani kwa deni la aina hii, wakiamini wameibiwa au wameadhibiwa kwa kufanya kazi sana. Hakuna aliyewaibia. Kodi ile ilikuwa yao tangu mwanzo, ila haikukatwa kidogokidogo, na sasa inadaiwa kwa mkupuo wakati pesa ilishaenda kwenye kodi ya nyumba, chakula na nauli ya mtoto aliyekuwa anasubiri Nairobi.

Dawa yake ni mstari mmoja. Kwenye W-4 kuna sehemu ya 4(c), ya kuomba ukatwe kiasi cha ziada kila cheki. Kwa mfano wetu, dola 33 kwa wiki zinamaliza deni lote. Kama kazi zako mbili zinalipa karibu sawa, unaweza badala yake kuweka alama kwenye kisanduku cha 2(c) katika fomu za kazi zote mbili. Mume na mke mnaofanya kazi wote wawili, hili linawahusu vilevile: kila mmoja akijiandika ameoa au ameolewa bila kutaja mshahara wa mwenzake, kila mwajiri anamwachia punguzo zima la wanandoa (dola 31,500 kwa 2025), na deni la Aprili linakuwa kubwa. W-4 unaweza kuibadilisha siku yoyote ya mwaka. Waombe ofisi ya mishahara fomu mpya, hawana haki ya kukukatalia.

Kuna uvumi mwingine kwamba ovataimu "inakupandisha kodi" hadi unapata pungufu ya aliyekaa nyumbani. Viwango havifanyi kazi hivyo. Ukivuka mpaka wa asilimia 12 kuingia 22, zinazotozwa 22 ni zile dola zilizovuka tu. Hata hivyo sitaki kuwadharau wanaosema hivyo, maana kwa mzazi mwenye watoto kuna ukweli ndani yake. Nafuu ya kodi ya watu wa kipato cha chini, EITC, hupungua kadiri mshahara unavyopanda. Mama asiye na mwenza mwenye watoto wawili, akishapita dola 23,350 kwa 2025, anapoteza senti 21 za nafuu hiyo kwa kila dola anayoongeza. Jumlisha na 7.65, na jiji, na jimbo, utaelewa kwa nini anaona saa zake za ziada hazimpi kitu. Zinampa, ila kidogo kuliko alivyotegemea, na ni vizuri alijue hilo kabla ya kuacha watoto usiku.

Kuhusu ovataimu, sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeleta punguzo kwa miaka ya 2025 hadi 2028. Wengi wameambiwa ovataimu haina kodi tena. Isomeni vizuri. Kinachopunguzwa ni ile nusu ya juu tu. Ukilipwa 18 kawaida na 27 kwa ovataimu, ni zile dola 9. Aliyefanya saa 500 za ziada mwaka mzima anaondoa dola 4,500 kwenye mapato yake, na kwa kiwango cha asilimia 12 anaokoa dola 540. Social Security, Medicare na kodi ya jiji vinabaki palepale. Kwa mwaka 2025 waajiri hawakulazimishwa kuitenganisha ovataimu kwenye W-2, kwa hiyo njoo na karatasi ya mshahara ya mwisho ya Desemba, yenye jumla za mwaka.

Kwa wenye watoto, pesa kubwa iko kwenye nafuu, yaani kile kinachopunguza kodi yenyewe, dola kwa dola. Punguzo hupunguza tu mapato yanayotozwa. Turudi kwa yule mama, naye awe na dola 37,440 na watoto wawili walio chini ya miaka 17. Akijaza kama mkuu wa kaya, yaani asiye na mwenza anayetunza watoto nyumbani kwake, kodi yake ya mapato inafutika yote, na kwa nafuu ya watoto pamoja na EITC anapokea zaidi ya dola 7,000, mbali na alichokuwa amekatwa. Hiyo ni miezi kadhaa ya kodi ya nyumba. Lakini masharti ni magumu: watoto wawe na namba za Social Security na wawe wameishi naye zaidi ya nusu ya mwaka. Nawasihi wanaopokea familia zao: ombeni namba za watoto wiki ileile wanapofika. Pia kwa sheria, marejesho yenye EITC hayatolewi kabla ya katikati ya Februari, kwa hiyo usimkubali mtu anayekukopesha pesa hiyo Januari kwa riba.

Na hapa lazima niseme lisilopendeza. Mtoto anayeishi Goma au Tanga, ambaye si raia wa Marekani, haingii kwenye fomu yako, hata kama wewe ndiye unayemlisha na kumlipia ada. Wazazi vilevile. Pesa unazotuma nyumbani hazipunguzi kodi, wala mchango uliotuma kanisani au msikitini kijijini kwenu. Tangu tarehe 1 Januari 2026 kuna hata kodi ya asilimia 1 kwa anayetuma pesa nje kwa kulipa taslimu. Ukituma kutoka akaunti ya benki ya hapa au kadi ya benki ya hapa, haikuhusu. Viatu vya usalama, sare, mafuta ya gari ya kwendea kazini: mwajiriwa haruhusiwi kuviondoa kwenye kodi ya shirikisho tangu 2018, na sheria ya 2025 imelifanya jambo hilo la kudumu. Zaka na riba ya mkopo wa nyumba zina maana pale tu jumla yake, pamoja na mengine ya aina hiyo, inapozidi punguzo la kawaida, na kwa watu wa kipato chetu hilo ni nadra. Kwa mwaka 2026 kuna nafasi ndogo: hata anayetumia punguzo la kawaida ataweza kuondoa hadi dola 1,000 za sadaka ya pesa iliyotolewa kwa taasisi zinazotambuliwa hapa, dola 2,000 kwa wanandoa. Tunzeni risiti.

Nayasema haya kwa sababu kuna wajazaji wanaowauzia watu wetu mapunguzo yasiyokuwepo. Niliketi na familia moja iliyoandikiwa wote wawili, mume na mke wanaoishi nyumba moja, kuwa wakuu wa kaya, wakagawana watoto. Mjazaji alichukua asilimia ya marejesho na hakusaini fomu. Barua ya IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, ilikuja baadaye, pamoja na riba na faini, kwa jina lao. Yeye namba yake ya simu ilikuwa imefungwa. Kwa kosa la makusudi la aina hiyo mtu anaweza kufungiwa EITC kwa miaka 2, na kwa udanganyifu miaka 10. Mjazaji halali anayelipwa husaini na kuweka namba yake ya PTIN, namba ya utambulisho inayotolewa na IRS. Akikataa, chukua karatasi zako uondoke.

Basi mfanyakazi afanye nini? Afanye mapema. Bima ya afya inayolipwa kupitia kazini kabla ya kodi hupunguza hata ule mkato wa asilimia 7.65. Akiba ya uzeeni ya 401(k) hupunguza kodi ya mapato: asilimia 5 ya dola 37,440 ni dola 1,872, kodi inashuka kwa dola 225, pesa bado ni yako, na waajiri wengi huongeza yao juu. Zaidi ya hapo, mwenye mapato yasiyozidi dola 39,500 kwa 2025, asiye mwanafunzi wa muda wote, ana nafuu ya mwekaji akiba kwenye fomu 8880, angalau asilimia 10 ya alichoweka. Karibu kila anayekuja mezani kwetu na 401(k) hajawahi kuisikia.

Madereva na wasambaza chakula wanaopewa 1099, fomu ya anayejitegemea asiye mwajiriwa, habari yenu ni nyingine: mnalipa asilimia 15.3 ya Social Security na Medicare peke yenu, na kodi yenu mnailipa wenyewe mara nne kwa mwaka. Andikeni maili kila siku, kwa 2025 kila maili ya kazi ni senti 70 za punguzo.

Meza za bure za kujaziwa fomu kama yetu, za mpango wa VITA, huwahudumia kwa kawaida watu wa kipato cha chini na cha kati. Piga 211 uulize iliyo karibu. Njoo na W-2 zote, kadi za Social Security za kila mtu nyumbani, kitambulisho, na fomu ya mwaka uliopita. Kama unadaiwa na huna pesa, jaza hivyohivyo kabla ya tarehe 15 Aprili, maana faini ya kutojaza ni asilimia 5 kwa mwezi, na ya kuchelewa kulipa ni nusu asilimia. Na kama kuna mwaka hukujaza na ulikuwa unakatwa, unayo miaka mitatu ya kudai. Kwa mwaka wa 2022, mwisho wa kudai ni Aprili 2026.