Kaskazini haikuwa juu siku zote

Umeuliza kama kuna sababu ya kisayansi ya kaskazini kukaa juu ya ramani. Hakuna. Dunia haina juu wala chini. Ni mazoea tu, tena si ya kale kama wengi wanavyodhani.

Al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu, alipomaliza ramani ya dunia ya mfalme Roger II wa Sicily mwaka 1154, kusini ndiyo iliyokuwa juu: Afrika imetanda huko, Ulaya imebanwa chini upande wa kulia. Fra Mauro, mtawa wa Venice, alifanya vivyo hivyo karibu na mwaka 1450. Ramani nyingi za Kikristo za Ulaya, kwa upande wao, ziliweka mashariki juu, kwa imani kwamba bustani ya Edeni iko huko.

Upepo uligeuka Ulaya ilipopata kwa Kilatini kitabu cha jiografia cha Ptolemy, mwanazuoni wa kale wa Kigiriki, mwanzoni mwa karne ya 15. Ramani zake zilikuwa na kaskazini juu, na mitambo ya uchapaji ikazisambaza. Wengi hutaja dira kuwa ndiyo chanzo, lakini hoja hiyo mimi hainiridhishi: sindano ina ncha mbili, na Wachina, walioitumia mapema, waliihesabu kuwa inaelekea kusini.

Halafu ile picha maarufu ya dunia nzima, iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17 mwaka 1972? Nayo ilipigwa Antaktika ikiwa juu, ikageuzwa ndipo ikatolewa kwa umma.