Re: Wamenicheka kwa kusema ndovu huchimba chumvi pangoni

Salamu ndugu. Umesema wenzako huko Kisumu walikucheka uliposema ndovu wa Mlima Elgon huingia pangoni kuchimba chumvi, mmoja akauliza kama wanabeba tochi. Swali hilo la tochi nami huulizwa kila mara hapa Kitale, na ndilo zuri kuanza nalo. Hawahitaji mwanga. Pango la Kitum, mojawapo ya mapango hayo ya Elgon, linaingia mlimani mita 200 hivi na ndani ni giza totoro, kwa hivyo ndovu hupapasa njia kwa mkonga, mtoto akimfuata mama. Wakifika ukutani hukwangua mwamba kwa pembe, wanausaga kwa magego na kumeza.

Kisha angalia kama kati ya wenzako hao kuna mfugaji. Muulize kwa nini yeye huwanunulia ng'ombe chumvi ya kulamba. Nyasi na majani ya mlimani hayana sodiamu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi, ya kutosha, na mwamba wa volkano unayo. Mimi nikifika hapo kicheko huisha. Waongezee kwamba mpelelezi Mskoti Joseph Thomson alipopita Elgon mwaka 1883 alikuta watu wakiishi mapangoni pamoja na mifugo yao.

Wakitaka kujionea, waingie kupitia lango la Chorlim wakiwa na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Alama za pembe zimejaa ukutani, hazihitaji maelezo. Ila popo wasiwasogelee kabisa: wagonjwa wawili wa virusi hatari vya Marburg, ambavyo popo huweza kuvibeba, 1980 na 1987, walikuwa wametembelea Kitum.