Kaseti ya gemu 64, mbona zote ni Contra?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi uliopita niliwanunulia wanangu sokoni Mwanga mashine ya gemu ya zamani ya kuchomeka kwenye runinga, pamoja na kaseti ya njano iliyoandikwa kwamba ina michezo 64. Tulipoiwasha tulikuta orodha ndefu ya majina, lakini kila tunalolichagua linatuletea Contra ile ile tuliyoicheza utotoni kwenye mabanda ya gemu ya Ujiji, isipokuwa mara tunaanzia kwenye maporomoko ya maji, mara kwenye theluji, na mara nyingine mpiganaji ana bunduki kali tangu mwanzo. Je, nimetapeliwa? Na kaseti ya shemeji yangu, ambayo wapiganaji wake ni roboti badala ya watu, ni feki kuliko hii yangu?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, umeuziwa mchezo mmoja uliopewa majina 64. Contra ilitengenezwa na kampuni ya Konami ya Japani, kwanza mwaka 1987 kwa mashine kubwa za kwenye kumbi za michezo, kisha mwaka 1988 kwa mashine za nyumbani za Nintendo, na ina hatua 8 tu, kuanzia msituni hadi kwenye pango la yule kiumbe wa mwisho. Mchezo wa kawaida humpa mchezaji maisha 3 na bunduki ya kawaida, na idadi ya maisha, namba ya hatua na aina ya silaha ni tarakimu zinazokaa kwenye kumbukumbu ya mashine. Mnakili haramu huandika programu ndogo ya orodha ambayo hubadilisha tarakimu hizo kabla ya kuuita mchezo wenyewe. Ukizidisha hatua 8 kwa silaha 4 zinazookotwa njiani (zenye alama za herufi M, F, S na L), kisha kwa namna 2 za maisha, yaani 3 au 30, unapata 64 bila kuchora hata jani moja jipya la mti. Ni ujanja wa hesabu, na mimi nakiri kwamba kwa mtoto anayeshindwa kuvuka hatua ya tatu una faida yake.

Biashara hii ilirahisishwa na mashine yenyewe. Ile ambayo Nintendo iliiuza Japani tangu Julai 1983 haikuwa na kifaa cha kuikagua kaseti, tofauti na ile ya Marekani na Ulaya, ambayo ilikuwa na chipu ya kufuli. Viwanda vya Asia, hasa vya Taiwan, viliiga ile ya Kijapani, na mashine kama yako ni wajukuu wa nakala hizo. Fungua kaseti yako kwa bisibisi: badala ya chipu zenye miguu zilizopangwa vizuri, kuna uwezekano mkubwa wa kukuta tone jeusi la gundi ngumu lililofunika kila kitu. Dalili nyingine ni skrini ya mwanzo, ambapo jina la Konami na mwaka mara nyingi vimefutwa.

Kuhusu roboti za shemeji yako, mambo ni kinyume na unavyodhani. Konami yenyewe iliutoa mchezo huu Ulaya mwaka 1990 kwa jina la Probotector, na iliwaondoa wanadamu ikaweka roboti kwa sababu ya masharti ya Ujerumani kuhusu michezo ya vita. Kwa hiyo roboti peke yake si alama ya ughushi. Kipimo ni pini, yaani vile vijino vya chuma vya kaseti vinavyoingia kwenye mashine: kaseti za mashine za Kijapani na nakala zake zina pini 60, ilhali za Ulaya na Marekani zina 72 na ni kubwa zaidi. Kama kaseti ya shemeji inaingia moja kwa moja kwenye mashine yako bila kiunganishi cha kati, basi nayo ni nakala.

Wanao wakitaka maisha 30 bila kutafuta kwenye orodha, waingie kwenye mchezo wa kawaida, na jina la Contra likiwa linapita kwenye skrini ya mwanzo wabonyeze juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, kisha kitufe cha kuanzia.