Jibu: Nifungue mgahawa wa pilau kwa mtindo wa Chipotle?

Kaka, nimekuelewa: uko Denver, una akiba kiasi, na unataka mteja apite kaunta akijichagulia wali, nyama na kachumbari kama wanavyofanya Chipotle, ile migahawa ya Marekani ya vyakula vya Kimeksiko. Wazo zuri, ila angalia kwanza wao walianzaje.

Steve Ells, mwanzilishi wa Chipotle, alikuwa mpishi aliyesomea kazi. Mwaka 1993 alifungua mgahawa wa kwanza hapo hapo Denver, karibu na chuo kikuu, kwenye jengo lililokuwa duka la aiskrimu, kwa dola 85,000 kutoka kwa baba yake. Alipiga hesabu kwamba lazima auze burito (chapati iliyoviringishwa na wali, nyama na maharage) 107 kwa siku ili asile hasara. Baada ya mwezi akawa anauza zaidi ya 1,000. Namba kama hiyo itafute kabla ya kitu kingine chochote: sahani ngapi zitalipa pango, nyama na mishahara? Mimi nilianza bila kuijua, nikafunga mwezi wa nane.

Mbia mkubwa asikuharakishe. McDonald's waliweka fedha Chipotle 1998, matawi yakapita 500, kisha 2006 wakajitoa.

Kinachonitisha zaidi ni usafi. Mwaka 2015 wateja wa Chipotle waliugua E. coli na norovirusi (vijidudu vya chakula vinavyoharisha na kutapisha), mauzo yakaporomoka. Wao walihimili, wewe mwenye tawi moja hutahimili. Wali uliokaa vuguvugu ni hatari (na pilau letu tunapenda kulilaza!). Muone ofisa afya wa jiji mapema, na mkataba wa pango usiusaini kabla mwanasheria hajausoma.