Sulisuli wa Watamu: Agosti au Disemba?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Nakuru. Baba yangu amestaafu, na tangu nikiwa mdogo husema anatamani kumvua sulisuli, yule samaki mkubwa wa baharini mwenye mdomo mrefu kama mkuki. Nimeweka akiba ya kukodi boti Watamu kwa siku moja. Likizo zangu ni Agosti na Disemba, na Disemba kila kitu hupanda bei. Twende lini? Na je, tutarudi na samaki nyumbani? – Mwalimu, Nakuru

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nendeni Disemba, hata ikibidi mlale chumba cha kupanga chenye feni tu.

Huku pwani tunauliza upepo kabla ya kuuliza samaki. Kusi huanza kuvuma Aprili na hukaza Juni na Julai. Ikifika Agosti imeanza kulegea, lakini nje ya mwamba mawimbi bado ni makubwa. Boti kubwa huanza kutoka wakati huo, kwa kuwa jodari hupita hadi Oktoba, na kijana aliyezoea bahari atafurahi. Mzee wako atashinda ameshikilia chuma cha boti, roho imemchafuka, na samaki akinasa hatakuwa na nguvu za kumvuta. Usimfanyie hivyo baba yako.

Disemba upepo wa kaskazi umeshika. Maji hutakata, na sulisuli husogea karibu na pwani kuanzia Novemba hadi Januari au Februari. Mwambie nahodha akupelekeni upande wa Malindi, Mto Sabaki unapomwaga maji yake ya udongo. Pale maji mekundu yanapokutana na ya buluu utaona mstari kabisa, na dagaa hujikusanya hapo, sulisuli nyuma yao.

Sasa lile nililolifundisha kila mgeni nilipokuwa baharia wa boti hizo. Sulisuli akikifuata chambo kinachokokotwa nyuma ya boti, pezi la mgongoni husimama na mwili hung'aa michirizi ya buluu. Kwanza hukipiga chambo kwa ule mdomo wake mrefu. Mtu mwenye pupa huvuta hapo hapo, na ndoana huja tupu. Baba asivute. Auache mshipi uende, samaki ageuke na kumeza, baharia atamwambia lini akaze rili, lile gurudumu la kuzungushia mshipi. Hapo atamwona akiruka juu ya maji, na mikono itamtetemeka, ni kawaida.

Kuhusu kurudi naye nyumbani: hapana, nakuomba sana. Watamu sulisuli huwekwa alama na kurudishwa baharini, na shirika la African Billfish Foundation, ambalo makao yake ni hapo hapo, hukusanya kumbukumbu za samaki hao. Msimpandishe botini kwa ajili ya picha. Baharia amshike mdomo kwa glavu akiwa majini, boti iende polepole ili maji yapite kwenye matamvua, mpaka aanze kupiga mkia mwenyewe. Baba amtazame kutoka pembeni mwa boti. Atapata picha nzuri kuliko ya samaki anayekauka.

Samaki wa kula ni nguru, felusi au jodari. Hapa sikiliza vizuri: kwenye boti nyingi samaki ni wa boti, si wa aliyekodi. Kabla hujatoa hata shilingi, kubalianeni kilo ngapi ni zenu, uulize leseni ya uvuvi wa burudani imo kwenye bei au la, na uhesabu maboya ya kuvaa kwa macho yako. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotengwa tangu 1968, hakuna kuvua kabisa. Nahodha akikuambia "hapa karibu tu, hakuna atakayeona", tafuta mwingine.

Dawa ya kichefuchefu anywe kabla ya kupanda boti, si akishaanza kutapika. Na chumba kiwekeni nafasi kuanzia Septemba, kabla bei hazijapanda.