Maswali ya Wasomaji: Picha ya majaribio yahitaji memori kiasi gani?

SWALI: Mhariri, assalamu alaikum. Nina kibanda cha kutengeneza televisheni mjini Malindi. Ijapokuwa matangazo ya analogi yalizimwa mwaka 2015, bado naletewa televisheni za kichogo zinazounganishwa na king'amuzi kwa waya wa AV, pamoja na skrini za zamani za kamera za ulinzi, na mara nyingi sijui upesi kama kasoro iko kwenye king'amuzi au kwenye televisheni yenyewe. Nimeamua kujiundia kifaa cha kutoa ishara za majaribio za PAL, mfumo wa picha wa televisheni zetu za analogi, kwa kutumia chipu ndogo inayoprogramiwa iitwayo ATmega328P. Nimepiga hesabu nikaona kwamba picha ya pikseli 720 kwa 576 yataka baiti 414,720, na chipu yangu ina RAM ya kilobaiti 2 tu. Je, ninunue memori ya nje, au nipunguze pikseli?
Fundi, Malindi

JIBU: Waalaikumu salaam, fundi. Hesabu yako ni sahihi, ila umehesabu kitu usichokihitaji. Picha ya harusi haina budi kuhifadhiwa pikseli kwa pikseli, kwa sababu hakuna awezaye kubashiri pikseli inayofuata. Ishara ya majaribio ni kinyume chake, kwa kuwa kila kilichomo kimepangwa na fundi na chaweza kuelezwa kwa namba chache. Kwa hiyo usihesabu pikseli, hesabu aina za mistari zilizo tofauti.

Chukua milia minane ya kijivu, kutoka nyeupe hadi nyeusi. Kati ya mistari 625 ya PAL, yote inayoonekana ni mstari mmoja uleule unaorudiwa, na mstari huo ni baiti 8. Wavu wa kukagua kama picha imepinda pembezoni una aina mbili tu za mistari. Hata duara lililojaa, lenye kimo cha mistari 400, halihitaji fremu nzima: kwa kuwa kushoto ni sawa na kulia, na juu ni sawa na chini, yatosha kuhifadhi nusu ya upana wa kila mstari kwa nusu ya juu peke yake, yaani baiti 200, nazo zikae kwenye flashi, yaani memori ya chipu inayohifadhi programu, yenye kilobaiti 32, badala ya RAM. Hapo jihadhari na jambo moja. Katika mfumo wa 720 kwa 576 pikseli si mraba, bali upana wake unazidi kimo kwa takriban asilimia 9, na kwa hiyo duara hilo lapaswa kuwa na upana wa pikseli 366. Ukilichora 400 kwa 400 litatanuka, nawe utaanza kurekebisha televisheni isiyo na kasoro yoyote.

Kinachokubana ni muda, si memori. Mstari mmoja wa PAL huchukua mikrosekunde 64, na chipu yako, kwa saa ya megahezi 16, hupata hatua 1,024 kamili, yaani mapigo ya saa yake, ndani ya mstari huo. Humo lazima litoke pigo la kusawazisha, linaloiambia televisheni mstari unaanzia wapi, la mikrosekunde 4.7, na sehemu inayoonekana ya mikrosekunde 52, ambayo ni hatua 832. Ukitoa nukta moja kila hatua mbili, utapata nukta 416 kwa upana. Matangazo ya PAL ya kwetu yalipitisha picha ya hadi megahezi 5, na kwa kuwa kila wimbi hubeba alama mbili, nyeupe na nyeusi, picha ya hewani haikuwahi kuzidi alama 520 hivi. Nukta zako 416 zafika megahezi 4, na kwa kazi ya kutafuta kasoro naona zatosha kabisa. Muhimu zaidi ni kwamba programu itumie hatua zilezile kwa kila mstari, kwani mstari ukichelewa kwa hatua chache tu, wavu wako utaota meno.

Kwa nyeusi na nyeupe, rezista mbili zatosha katika volti 5: ya omu 1,000 kwa pigo la kusawazisha na ya omu 470 kwa picha. Zikikutana na omu 75 za televisheni, nyeusi huwa volti 0.3 na nyeupe hukaribia volti 1. Ngazi nane za kijivu zitataka biti tatu za picha, kila moja na rezista yake.

Memori kubwa utaihitaji ukitaka kuhifadhi wimbi zima pamoja na rangi. Wimbi la rangi la PAL, la megahezi 4.43361875, halirudi pale lilipoanzia ila baada ya fremu 4. Kwa sampuli nne kila wimbi, mzunguko huo ni sampuli 2,837,516. Sikushauri. Chipu ya kutengeneza ishara ya rangi, kama AD724, hupokea nyekundu, kijani na buluu ikatoa PAL, na milia yako ikabaki namba nane.

SWALI: Nami nimeunda kifaa kama hicho kwa chipu iitwayo RP2040, yenye RAM ya kilobaiti 264. Fremu nzima ya biti 4 kwa pikseli inaingia, lakini mistari myembamba ya kulala inapepesa mpaka macho yanauma. Niongeze pikseli?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: La. PAL huchora fremu kwa awamu mbili, mistari ya witiri katika moja na ya shufwa katika nyingine, awamu 50 kwa sekunde. Alama yenye unene wa mstari mmoja huangukia awamu moja tu, kwa hiyo huwaka mara 25 kwa sekunde, na jicho huliona hilo waziwazi. Ifanye iwe ya mistari miwili iliyopakana, nayo itatulia. Baiti 207,360 unazotumia zinaingia, basi ziache. Ukitaka biti 8 kwa pikseli hazitaingia tena, na hapo tumia bafa mbili, yaani sehemu za memori za kushikilia mstari mmoja mmoja, za baiti 720, moja ikitoka kwenda kwenye skrini huku nyingine ikijazwa.